Alastair Sim na Sauti ya Mwenye Mamlaka

Alastair Sim, mwigizaji Mskoti aliyezaliwa Edinburgh tarehe 9 Oktoba 1900 na kufariki London tarehe 19 Agosti 1976, alitumia sehemu kubwa ya miaka yake 46 ya kazi kuigiza watu wa kundi moja, yaani watu waliozoea kusikilizwa. Katika tamthilia na filamu alizocheza alikuwa mkaguzi wa polisi, mwalimu mkuu, mchungaji, askofu, daktari, jaji, tajiri na hata kaisari wa Roma, na kwa miaka kumi hivi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia watazamaji wa Uingereza walimpenda kuliko walivyowapenda wengi wa vijana wenye sura nzuri ambao majina yao yalitangulia kwenye mabango. Hoja ya safu hii ni kwamba mapenzi hayo hayakutokana na vichekesho peke yake. Sim aliifahamu sauti ya mwenye mamlaka kutoka ndani, kwa sababu kabla ya kupanda jukwaani aliwahi kuifundisha kwa mshahara, na ujuzi huo ulimwezesha kuwaonyesha Waingereza, katika kipindi ambacho walikuwa wanaupima upya utii wao kwa wakubwa wao, hofu iliyofichwa nyuma ya sauti hiyo.

Ili kazi yake ieleweke, inafaa kwanza kueleza nafasi aliyoishika katika taaluma. Desturi ya jukwaa na sinema ya Uingereza iliwagawa waigizaji katika makundi mawili. La kwanza lilikuwa la nyota, ambao hadithi ilijengwa juu yao na ambao mtazamaji alilipa kiingilio ili awaone wao wenyewe, filamu baada ya filamu. La pili lilikuwa la waigizaji wa wahusika, yaani wale walioajiriwa kwa uwezo wao wa kumjenga mtu wa aina fulani, awe karani mwoga, shangazi mkali au wakili mlafi, kwa dakika chache na kwa namna ambayo mtu huyo anaaminika tangu anapoingia mlangoni. Kundi hili la pili lilikuwa na mafundi wakubwa kama Margaret Rutherford, Miles Malleson, Cecil Parker na Joyce Grenfell, na ndilo lililozipa filamu za Uingereza za wakati huo ladha yake. Sim alitoka humo, lakini akafanya jambo ambalo wachache waliliweza: aliibeba mbinu ya mhusika msaidizi hadi katikati ya hadithi bila kuigeuza kuwa mbinu ya nyota.

Malezi yake hayakuonyesha dalili ya jukwaa. Baba yake, Alexander Sim, alikuwa fundi cherehani mjini Edinburgh, na kijana mwenyewe alianza kusomea kemia katika chuo kikuu cha mji huo kabla ya kuitwa jeshini mwaka 1918, vita vikiwa vinakaribia kwisha. Baada ya hapo alifanya kazi katika ofisi ya makadirio ya kodi ya manispaa, huku akijifunza kughani mashairi kwa mashindano, na njia hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye ualimu wa usemaji. Usemaji hapa ni fani kamili yenye kanuni zake: kupanga pumzi, kutamka kila silabi kwa ukamilifu, kupandisha na kushusha sauti kulingana na maana, na kujua mahali pa kunyamaza ili neno linalofuata lipate uzito. Kuanzia 1925 hadi 1930 Sim aliifundisha fani hiyo katika New College, chuo cha theolojia cha Edinburgh, ambako wanafunzi wake walikuwa wachungaji watarajiwa wa makanisa ya Uskoti.

Kipindi hicho hutajwa kwa sentensi moja katika maelezo mengi ya maisha yake, ilhali ndicho ufunguo wa yote yaliyofuata. Katika mapokeo ya Kipresbiteri, ambayo yalipunguza mapambo ya ibada na kuyaweka mahubiri katikati, heshima ya mchungaji hutegemea kwa kiasi kikubwa namna anavyosema, na kwa hiyo mtu aliyemfundisha mchungaji kusema alikuwa anamfundisha kutawala kusanyiko. Kwa miaka mitano Sim aliwasikiliza vijana waliokuwa bado na mashaka, wengine wakiwa na kigugumizi cha woga, wakijivika hatua kwa hatua sauti ya mtu asiye na shaka. Aliona kwamba sauti ya mamlaka hutengenezwa, kwamba ina sehemu zake na viungo vyake, na kwamba chini yake mtu yule yule mwenye woga huendelea kuishi. Mwigizaji mwingine angehitaji kuwachunguza wakubwa kwa mbali ili awaigize. Yeye alikuwa amesimama ndani ya karakana walimokuwa wanaundwa.

Aliingia kwenye uigizaji wa kulipwa mwaka 1930, akiwa na umri wa karibu miaka 30, kwa msaada wa mshairi na mwandishi wa tamthilia John Drinkwater. Nafasi yake ya kwanza ilikuwa ya mjumbe katika “Othello” iliyoonyeshwa katika ukumbi wa Savoy, London, onyesho ambalo Mmarekani mweusi Paul Robeson aliigiza Othello na Peggy Ashcroft akaigiza Desdemona. Kuanzia 1932 alijiunga na Old Vic, ukumbi uliokuwa kusini mwa mto Thames chini ya usimamizi wa Lilian Baylis, ambako tamthilia za Shakespeare zilionyeshwa kwa viingilio vidogo na waigizaji walibadilisha nafasi kila baada ya wiki chache. Mfumo huo wa kundi la kudumu linalocheza tamthilia nyingi kwa msimu mmoja ulikuwa chuo kikali, kwa kuwa ulimlazimisha mwigizaji kumjenga mtu mpya haraka, kwa kutumia mwendo, mkao na sauti, kabla hajapata muda wa kutafakari sana.

Mwaka 1935 akaingia kwenye filamu, na aliingia kupitia mlango mwembamba. Sheria ya Filamu ya mwaka 1927 iliwalazimisha wasambazaji na wenye kumbi za Uingereza kuonyesha kiwango fulani cha filamu za nyumbani ili kuzuia sinema za Marekani zisimeze soko lote, na matokeo yake kampuni nyingi zikatengeneza filamu fupi, za bei rahisi na za haraka, ili mradi mgao wa kisheria utimie. Filamu hizo za mgao zilidharauliwa, na nyingi zilistahili kudharauliwa, lakini zilimpa Sim mafunzo ambayo jukwaa lisingeweza kumpa. Humo alijifunza kwamba kamera husikia mnong’ono na huona kope ikitikisika, kwa hiyo sauti kubwa ya mahubiri ingeweza kubanwa, ikabaki kama nguvu inayohisiwa tu. Katika filamu tatu za Inspekta Hornleigh, zilizoonyeshwa kati ya 1939 na 1941, alikuwa Sajini Bingham, msaidizi wa Gordon Harker, na tayari katika nafasi hiyo ya chini macho ya mtazamaji yalianza kumfuata yeye badala ya bosi wake.

Umbile lake lilimsaidia, ingawa lingeweza kumfunga. Alikuwa mrefu, mwenye upara tangu ujanani, macho makubwa yaliyotokeza na mdomo uliolegea kwenye pembe, kiasi kwamba uso wake ulionekana wenye huzuni hata alipocheka na wenye hila hata alipohuzunika. Sauti ndiyo iliyokuwa chombo chake kikuu. Angeanza sentensi kwa uzito wa askofu, ataje neno la katikati kwa upole wa muuguzi, kisha aache silabi ya mwisho ipande juu na kukatika, kana kwamba msemaji ameona ghafla kitu kilichomtisha. Katika mpando huo mdogo wa sauti ndimo ilimokaa falsafa yake nzima ya uigizaji: mamlaka husimama imara kwa muda wote wa sentensi, ila inapofika mwisho hujisaliti.

Mwandishi aliyeifahamu siri hiyo mapema kuliko wengine alikuwa James Bridie, jina la kalamu la Osborne Henry Mavor, daktari wa Glasgow aliyegeuka mwandishi wa tamthilia na kuwa miongoni mwa waasisi wa Citizens Theatre ya mji huo mwaka 1943. Tamthilia za Bridie zilimweka mtu mwenye hadhi, mara nyingi mchungaji au daktari, mbele ya swali la kimaadili ambalo hadhi yake haikuweza kulijibu. Katika “Mr Bolfry” ya mwaka 1943, mchungaji wa nyanda za juu za Uskoti anajikuta anajadiliana usiku kucha na shetani aliyevaa mavazi ya mchungaji, na Sim, aliyeliongoza onyesho hilo pia, aliigiza mchungaji. Tamthilia hiyo iliporudishwa London mwaka 1956 aliigiza shetani. Kwamba mwigizaji mmoja aliweza kuchukua pande zote mbili za mjadala huo, na kwa ustadi, kunaonyesha jinsi alivyoona uhusiano wa karibu kati ya sauti inayoonya na sauti inayoshawishi. Katika “Dr Angelus” ya mwaka 1947 alikuwa daktari mcha Mungu anayewaua jamaa zake kwa sumu huku akisema maneno ya faraja, hadithi iliyotokana na kesi ya kweli ya Dakta Pritchard wa Glasgow wa karne ya 19. Ushirikiano wao uliendelea mpaka Bridie alipofariki mwaka 1951, na bila ushirikiano huo filamu kubwa za Sim zisingekuwa na kina zilicho nacho.

Filamu ya kwanza iliyompa Sim nafasi ya kuonyesha kikamilifu kile alichojifunza ni “Green for Danger” ya mwaka 1946, iliyoongozwa na Sidney Gilliat kutokana na riwaya ya Christianna Brand. Hadithi yake inatokea mwaka 1944 katika hospitali ya vijijini nchini Uingereza, wakati mabomu ya Kijerumani yasiyo na rubani yalipokuwa yanaanguka, na mgonjwa anauawa akiwa juu ya meza ya upasuaji. Mpelelezi anayetumwa, Inspekta Cockrill, anajiamini kupita kiasi, anafurahia kuwatia madaktari wasiwasi, na anasimulia kisa chote kwa sauti ya mtu anayeandika ripoti kwa mkubwa wake. Katika tukio moja anasoma riwaya ya upelelezi kitandani, anatabasamu kwa uhakika kwamba amekwisha kumjua mhalifu, anafungua ukurasa wa mwisho na kugundua kwamba amekosea. Tukio hilo la sekunde chache linaitabiri hatima ya filamu, kwa sababu mtego anaoutega mwishoni unamkamata mhalifu lakini unasababisha kifo ambacho hakukikusudia, na ripoti yake inageuka kuwa barua ya kujiuzulu ambayo anatumaini haitakubaliwa. Kabla ya hapo mpelelezi wa sinema ya Uingereza alikuwa mtu anayerudisha utaratibu ulioharibiwa. Sim alimfanya mtu ambaye kujiamini kwake ni sehemu ya uharibifu.

Wakati wa kutolewa kwa filamu hiyo una maana yake. Waingereza walikuwa wametoka katika vita ambavyo viliwataka watii kila agizo, kuanzia kadi ya mgao wa chakula hadi pazia la dirishani, na mwaka 1945 walikuwa wamempigia kura Clement Attlee na chama cha Labour badala ya Winston Churchill, kiongozi aliyewashindia vita. Mgao wa chakula uliendelea hadi 1954, wizara ziliendelea kupanga maisha ya watu, na heshima kwa ofisa mwenye fomu na muhuri ilianza kuchanganyika na uchovu. Mwaka 1946 tiketi za sinema zilizouzwa nchini humo zilizidi bilioni 1.6, kilele ambacho hakijafikiwa tena, maana yake mwigizaji aliyegusa hisia hiyo alikuwa anazungumza na karibu taifa zima. Mwaka 1950, katika kura ya kitaifa ya wapenzi wa sinema, Sim alichaguliwa mwigizaji wa filamu anayependwa zaidi Uingereza, akiwa na umri wa miaka 49 na bila kitu chochote ambacho studio ingekiita mvuto wa kimapenzi.

Mwaka huo huo ilitoka “The Happiest Days of Your Life”, iliyoongozwa na Frank Launder, ambamo kosa la wizara linaihamishia shule ya wasichana katika majengo ya shule ya wavulana. Sim ni mwalimu mkuu Wetherby Pond, anayeota kupata cheo kikubwa zaidi kwingineko, na Margaret Rutherford ni mwalimu mkuu wa wasichana, Bi Whitchurch, ambaye hakubali kusogea hata inchi moja. Ukaguzi wa wazazi na wa wageni waheshimiwa unapoangukia siku moja, watu wazima wawili waliosomea nidhamu wanalazimika kuwahamisha watoto kutoka chumba hadi chumba ili uongo wao usigundulike. Mwisho wake una uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki, kwa kuwa walimu hao walioshindwa wanapojadili pembe gani ya dola la Waingereza itawafaa kuanza upya, Bi Whitchurch anamtaja ndugu yake anayelima karanga Tanganyika. Mtazamaji wa mwaka 1950 alicheka kwa sababu alizijua habari za mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ambao serikali ya Attlee ilikuwa imeuanzisha kwa matumaini makubwa na ambao ulifutwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Kwa wakulima na vibarua wa Tanganyika mradi ule haukuwa kichekesho hata kidogo, bali ni ardhi iliyofyekwa na jasho lililopotea. Hata hivyo utani huo ni ushahidi kwamba filamu za Sim zilikuwa zinasema jambo zito kuhusu wapangaji wa mambo ya watu wengine, waliopanga kwa uhakika na kuacha hasara.

Filamu inayotazamwa zaidi kati ya zote alizocheza ni “Scrooge” ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst kutokana na hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens. Scrooge ni bahili anayetembelewa na mizimu usiku mmoja na kuamka amebadilika, na waigizaji wengi wameshindwa naye kwa sababu wanamwigiza kama watu wawili tofauti, mwovu kabla ya usiku huo na mwema baada yake. Sim alimwigiza kama mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mtu aliyeumizwa utotoni, akaogopa umaskini na upweke, akajenga ukali ili hofu hiyo isionekane. Ndiyo maana furaha yake ya asubuhi ya Krismasi, anapocheza kwa miguu mitupu na kumtisha mtumishi wake Bi Dilber, aliyeigizwa na Kathleen Harrison, haionekani kama muujiza ulioletwa kutoka nje. Ukali umebomoka na kilichokuwa chini yake kimetoka. Tukio lenye nguvu zaidi halina maneno mengi: Scrooge anafika nyumbani kwa mpwa wake ambaye amemdharau kwa miaka, anasimama nje ya mlango wa sebule akiwa na woga wa mtoto, na mtumishi wa kike anamtia moyo kwa kutikisa kichwa tu kabla hajaingia kuomba radhi. Tajiri anayewatisha wote anahitaji ruhusa ya mtumishi ili awe mwanadamu tena, na sura ya Sim katika sekunde zile inathibitisha kwamba mwigizaji wa vichekesho anaweza kuibeba toba kwa ukamilifu kuliko mwigizaji wa tanzia.

Ustadi huo huo unaonekana, kwa upande wa pili, katika “The Belles of St Trinian’s” ya mwaka 1954, iliyotokana na vibonzo vya Ronald Searle kuhusu shule ya wasichana watukutu. Humo Sim aliigiza watu wawili, mwalimu mkuu Millicent Fritton na kaka yake Clarence, mpokeaji wa dau za mbio za farasi. Uingereza ina mapokeo ya zamani ya mwanamume kuvaa nguo za bibi mzee katika michezo ya kuchekesha ya msimu wa Krismasi, na katika mapokeo hayo kichekesho chenyewe ni mavazi. Sim aliyavua mavazi kichekesho chao. Millicent wake ni mwanamke mwenye heshima, mpole na mwenye madeni, anayeamini kwa dhati kwamba shule yake ni ya maana, na kamwe mwigizaji hamkonyezi mtazamaji kumkumbusha kwamba chini ya sketi kuna mwanamume. Kwa kumheshimu mhusika wake kiasi hicho, Sim aliepuka kosa la kuwadhihaki wanawake na akabakiza dhihaka kwa kile kilichostahili, yaani taasisi iliyofilisika inayoendelea kutoa hotuba za maadili.

Filamu moja inasimama kinyume na nyingine zote na kwa hiyo inaithibitisha hoja. Katika “An Inspector Calls” ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Guy Hamilton kutokana na tamthilia ya J. B. Priestley, Sim ni Inspekta Poole anayetokea bila hodi nyumbani kwa familia tajiri mwaka 1912 na kuionyesha, mmoja baada ya mwingine, jinsi kila mwanafamilia alivyochangia kifo cha msichana maskini. Hapa kwa mara moja mwenye mamlaka hana hofu, na sababu yake inaeleweka: mamlaka yake haikutoka kwenye cheo, kwani baadaye inagunduliwa kwamba jeshi la polisi halimjui, bali inatoka kwenye ukweli anaousema. Sim hapandishi sauti hata mara moja. Anauliza, anasubiri, anatazama, na wakubwa waliomzunguka ndio wanaotetemeka. Mtu aliyetumia miaka mingi kuonyesha mamlaka inayojisaliti alijua pia jinsi mamlaka ya kweli inavyosikika.

Kazi ya namna hii isingewezekana bila mfumo uliokuwa nyuma yake, na ni haki kuutaja. Launder na Gilliat, walioandika pamoja mswada wa “The Lady Vanishes” ya Alfred Hitchcock mwaka 1938, walikuwa watayarishaji, waandishi na waongozaji kwa pamoja, na kwa miaka zaidi ya kumi walimwandikia Sim nafasi zinazolingana na vipawa vyake, hadi “The Green Man” ya mwaka 1956, ambamo alikuwa muuaji wa kukodiwa mwenye adabu za karani. Waigizaji wale wale walikutana filamu baada ya filamu, wakajuana, na mazungumzo yao yakapata kasi isiyoweza kufundishwa kwa wiki moja ya mazoezi. Mfumo huo ulidhoofika haraka baada ya televisheni ya kibiashara kuanza Septemba 1955. Kufikia 1960 tiketi za sinema zilikuwa zimeshuka hadi takribani milioni 500 kwa mwaka, studio zikapunguza filamu za bajeti ya kati, na baada ya mwaka huo Sim aliiacha sinema kwa zaidi ya miaka kumi. Filamu alizozikataa na alizozikosa haziwezi kuhesabiwa, lakini kupotea kwa mfumo uliomlea mwigizaji wa wahusika kulikuwa hasara kwa sinema ya nchi hiyo kuliko kwake binafsi, kwa maana yeye alikuwa na jukwaa la kurudia.

Na alirudi kweli. Mwaka 1958 aliongoza na kuigiza kaisari wa Roma katika “The Brass Butterfly” ya William Golding, mwaka 1962 alikuwa Prospero katika “The Tempest” kwenye Old Vic, na katika tamasha la Chichester aliwapa watazamaji wa kizazi kipya vichekesho vya Arthur Wing Pinero, “The Magistrate” mwaka 1969 na “Dandy Dick” mwaka 1973, ambamo hakimu na mkuu wa kanisa kubwa wanajiingiza katika aibu wanazozikemea kila siku. Televisheni ya BBC ilimpa kiti cha jaji katika “Misleading Cases”, na sinema ikamwita tena mwaka 1972 kuwa askofu katika “The Ruling Class”. Ni kweli kwamba upeo wake ulikuwa na mipaka, kwamba mapenzi ya ujana na tanzia kubwa havikuwa uwanja wake, na kwamba baadhi ya filamu zake ni dhaifu kila anapotoka kwenye fremu. Hata hivyo mipaka hiyo aliijua na kuilima kwa kina, na kina ndicho kinachodumu.

Namna alivyoishi ililingana na alichokiigiza. Alikataa kutoa saini kwa mashabiki, alikwepa mahojiano, na ingawa alipokea nishani ya CBE mwaka 1953, baadaye alikataa cheo cha heshima ambacho kingemfanya aitwe Sir. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walimchagua kuwa rekta wao kuanzia 1948 hadi 1951, wakimpendelea kuliko mwanasiasa Harold Macmillan, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Yeye na mkewe Naomi walimpokea nyumbani kwao George Cole, kijana wa London aliyeigiza naye katika “Cottage to Let”, wakamlea na kumfundisha kazi, na Cole akawa mwigizaji mashuhuri aliyeonekana pamoja na mlezi wake katika filamu nyingi, akiwa Scrooge wa ujanani katika mojawapo.

Jambo moja analostahili kukumbukwa nalo nje ya uigizaji ni kesi yake ya mwaka 1959 dhidi ya kampuni ya vyakula ya Heinz. Tangazo la televisheni lilitumia sauti ya mwigizaji mwingine aliyemwiga Sim kwa ustadi, naye akaiomba mahakama itoe zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha tangazo hilo hadi kesi isikilizwe, kwa madai mawili: kwamba linamvunjia heshima kwa kuwafanya watu waamini ameuza sauti yake, na kwamba linawadanganya wateja kuhusu asili ya sauti hiyo. Hakimu wa kwanza alikiri kwamba ingekuwa kasoro kubwa ya sheria iwapo mtu angeweza kuitumia sauti ya mwingine kwa faida ya biashara bila ridhaa yake, lakini zuio lilikataliwa, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Sim alikuwa ameona mapema kwamba kwa mwigizaji wa wahusika sauti ni zao la kazi ya maisha, kama shamba lilivyo kwa mkulima. Leo, wakati programu za kompyuta zinaweza kunakili sauti ya msanii kwa dakika chache, swali alilolifikisha mbele ya majaji limekuwa la kila mwigizaji, kila mtangazaji na kila mwimbaji, katika kila lugha.

Hukumu juu ya kazi yake inaweza kutolewa bila kusita. Alastair Sim hakuwa mchekeshaji aliyebahatika kupata nafasi nzito, bali alikuwa mwalimu wa usemaji aliyechukua ujuzi wa kutengeneza sauti ya mamlaka na kuutumia kuwafunulia watu woga wa wanaoitumia, na alifanya hivyo bila kumdhalilisha hata mhusika mmoja. Wanaofundisha uigizaji, wanaoongoza filamu na wanaotunga sheria za haki za wasanii wana sababu ya kuitazama kazi hiyo kwa makini: wa kwanza wajifunze kwamba sauti hufundishwa kabla ya uso, wa pili kwamba mwigizaji hodari huhitaji kundi la kudumu na waandishi wanaomjua, na wa tatu kwamba pengo lililoachwa na mahakama mwaka 1959 linapaswa kuzibwa kwa sheria iliyo wazi, inayomtambua msanii kuwa mwenye sauti yake.